Tunaitwa kwa Majina ya Wanyama Tusiowajua

Ni maneno machache ya Kiswahili yaliyotembea duniani kama neno safari. Sisi tulilipokea kutoka Kiarabu, tukaliacha na maana yake pana: kuondoka mahali kwenda mahali pengine. Anayekwenda Nakuru kumzika shangazi yake yumo safarini, na anayeshuka kutoka Chogoria kwenda kuuza ndizi Embu yumo safarini vilevile. Katika karne ya 19 Waingereza walilichukua neno hilo na, kama ilivyo desturi ya kila lugha inayokopa, wakalipunguza hadi litoshe haja yao. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifika Afrika Mashariki na msafara mkubwa wa wawindaji na wapagazi, na habari zake zikazidi kulieneza neno hilo ughaibuni. Maana ikawa msafara wa bunduki. Bunduki zilipowekwa chini, ikawa msafara wa kamera.

Neno letu halikukoma hapo. Limevuka Bahari ya Hindi. Leo mtu akienda katika mbuga za India kama Ranthambore au Kanha kumtafuta yule paka mkubwa mwenye mistari, ambaye Waswahili wengine humwita simbamarara na wengine chuimilia, atauziwa tiketi ya safari. Wahindi walikuwa na neno lao la kale, shikar, lakini hilo lilikuwa neno la kuwinda. Uwindaji wa simbamarara ulipokatazwa, mtazamaji alihitaji jina jingine kwa shughuli yake, na jina lililopatikana ni la kwetu.

Wala si neno tu linalotuunganisha na mnyama huyo asiyeishi Afrika. Jim Corbett, mzaliwa wa India aliyewinda simbamarara na chui waliokula watu, kisha akageuka kuwa mtetezi wao, alihamia Nyeri mwaka 1947. Huko aliishi, huko alifia mwaka 1955, na huko amezikwa. Mbuga ya kwanza ya taifa nchini India, iliyoanzishwa mwaka 1936, leo inaitwa kwa jina lake. Na humo ndimo mlimozinduliwa, mwaka 1973, mpango wa taifa wa kumwokoa simbamarara. Mnamo mwaka 2006 India ilikadiria kwamba imebakiwa na simbamarara 1,411. Makadirio ya mwaka 2022 yalitaja 3,682. Na wanaojaza magari ya safari katika mbuga hizo si wageni wa ng'ambo pekee. Wahindi wenyewe wamo, pamoja na watoto wao.

Nayaeleza haya, msomaji, kwa sababu neno limezunguka dunia na kurudi kwetu likiwa limevaa kofia ya mgeni. Mwulize mwanafunzi wa Kenya maana ya safari ya mbugani, naye atakuchorea Mzungu ndani ya gari lililo wazi juu. Hajichori yeye mwenyewe. Suala hili si dogo kwa mwalimu wa lugha, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Chukua daftari la mahudhurio la darasa lolote la Embu au Mbeere. Mwalimu anapoita majina kila asubuhi, huwaita wanyama bila kujua. Mbogo yupo. Ngari, yaani chui, yupo. Njogu, yaani ndovu, yupo. Njoka yupo. Nyaga, ambaye ni mbuni, yupo. Na ipo fasiri mashuhuri ya jina Kirinyaga inayosema kwamba mlima wetu ulifananishwa na ndege huyo kwa sababu ya weusi wa mawe yake na weupe wa theluji yake. Majina haya hayakuokotwa vitabuni. Mtoto aliitwa kwa jina la babu yake, na babu kwa jina la babu yake, mpaka tumfikie mzee fulani aliyemjua mnyama huyo ana kwa ana, aliyejua alikonywa maji na alikolala. Jina la mtoto wa leo, kwa hiyo, ni kumbukumbu ya ujirani. Lakini ujirani wenyewe umekwisha. Ngari wa leo amemwona chui kwenye jalada la daftari la mazoezi, basi.

Mwezi Agosti mwaka 2025 niliandamana na kundi la wanafunzi wangu, walimu watarajiwa wa Kiswahili, kwenda katika Mbuga ya Taifa ya Meru. Nilitaka wakusanye msamiati wa wanyamapori kutoka kwa watu wanaoutumia kazini. Wengi wao walikuwa wenyeji wa Embu, Tharaka-Nithi na Meru. Kabla hatujaondoka niliwauliza ni wangapi waliowahi kuingia katika mbuga yoyote ya taifa. Waliinua mikono watatu. Mimi mwenyewe, mzaliwa wa Embu, nilikuwa nakwenda Meru mbugani kwa mara ya kwanza. Katika utoto wetu gari la shule lilipopatikana lilikwenda Nairobi tukatazame majengo.

Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru ni somo la jiografia. Kila baada ya muda inashuka bondeni, inavuka mto utokao mlimani, kisha inapanda tena kwenye migomba, chai na kahawa. Ukishapita Chuka, daraja la Nithi, Nkubu na mji wa Meru, unaelekea Maua kwa kufuata milima ya Nyambene, katikati ya mashamba ya miraa. Halafu nchi inaporomoka ghafla. Hewa inakuwa moto, udongo unakuwa mwekundu, na migomba inatoa nafasi kwa migunga. Kwenye lango la Murera mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba alidhani tumeingia nchi nyingine. Hatukuwa tumetoka hata katika kaunti.

Askari wa wanyamapori aliyetuongoza alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka. Wanafunzi wangu walianza kumwuliza maswali kwa Kiingereza. Aliyajibu yote kwa Kiswahili. Nao, walimu wa Kiswahili wa kesho, wakawa hawamwelewi.

"Yule ni choroa," alisema, akionyesha mnyama wa rangi ya majivu mwenye pembe ndefu zilizonyooka kama mikuki.

Kimya.

"Na wale kando ya mto ni kuro. Kule kichakani, mwenye mistari myembamba mgongoni, ni tandala mdogo. Huyo mwenye shingo ndefu anayesimama kwa miguu ya nyuma ale majani ni swala twiga."

"Afande," aliuliza mmoja, "hayo ni majina ya Kimeru?"

"La, dada. Ni Kiswahili. Mwalimu wako yuko hapa, mwulize."

Tulicheka, lakini lilikuwa jambo la kutafakari. Wanafunzi hao wamesoma Kiswahili tangu darasa la kwanza. Wanaweza kukupa aina za vishazi na kukutajia bahari za ushairi. Lakini walijua simba, twiga, ndovu, kifaru, kiboko na pundamilia, na baada ya hapo kila chenye pembe kilikuwa swala. Msamiati wao ulikuwa ule wa picha za ukutani katika shule ya chekechea, haukukua nao. Hauwezi kukua. Neno halikui kwa kukaririwa. Hukua kwa kukutana na kitu chake. Mtu hujifunza tofauti ya kuro na choroa siku anayowaona wawili hao wakisimama mbali mbali, mmoja majini na mmoja nyikani.

Wakati fulani kijana mwenye jina la chui aliuliza kama tungebahatika kumwona taiga. Alitamka hivyo hivyo, taiga. Wenzake hawakumcheka, kwa sababu nao walikuwa na swali lilo hilo. Nilimweleza kwamba mnyama huyo ni wa Asia, kwamba hakuna mwitu wa Afrika unaomfuga, na kwamba ndiyo maana Kiswahili kimemwita kwa kumfananisha na jamaa zake: simba mwenye marara, chui mwenye milia. Kwetu tunao paka wakubwa watatu, na lugha yetu imewatenga vizuri, simba, chui na duma. Alikuwa anamjua kwa filamu mnyama wa bara jingine, na anayebeba jina lake hamjui. Yule wa filamu ana mtu wa kumsimulia. Wetu hatujamsimulia.

Hatukumwona chui. Hatukumwona simba pia. Lakini kando ya Mto Rojewero, chini ya mikoche, Afande alisimamisha gari, akaangalia pande zote, akashuka, akatuonyesha mchanga. Palikuwa na nyayo pana kama sahani. Akaanza kuzisoma. Kisigino cha paka, alisema, kina mikunjo mitatu kwa nyuma. Simba na chui hutembea wameficha makucha, kwa hiyo unyayo wao hauna alama za kucha; fisi hawezi kuzificha, na duma naye huziacha zikaonekana. Hapa hapana kucha, na upana ni huu, basi ni simba. Kingo za unyayo bado ni kali, upepo haujazilainisha, basi alipita alfajiri. Hatua chache mbele palikuwa na nyayo za ndovu, na akatufundisha kwamba mguu wa mbele huacha duara na wa nyuma huacha umbo la yai, hivyo tunaweza kujua alikokuwa anakwenda.

Nimefundisha isimu kwa miaka mingi, na sijapata kuona mfano bora wa kueleza namna maana inavyoundwa. Alama moja haina maana peke yake. Ina maana kwa sababu si nyingine. Kucha zipo au hazipo, kama vile sauti inavyoghunwa au isivyoghunwa, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayompambanua simba na fisi kama inavyopambanua bata na pata. Afande alikuwa akisoma matini. Wanafunzi wangu, wenye alama nzuri za mtihani, walikuwa wamesimama mbele ya ukurasa wasioweza kuusoma, ilhali mababu waliowapa majina waliusoma.

Yupo aliyebahatika zaidi. Alasiri tulimwona mbuni dume, mweusi kwa mweupe, akikimbia sambamba na gari letu kana kwamba tumemchokoza. Kijana mwenye jina la mbuni alisimama, akamtazama mpaka akapotea. Jioni aliandika katika daftari lake kwamba miaka yote alidhani jina lake halina maana, ni jina tu la ukoo. Nakiri kwamba sentensi hiyo ilinigusa kuliko insha nyingi nilizosahihisha.

Mbuga yenyewe ina historia ambayo kila mwalimu wa eneo hili angepaswa kuijua. Ilitangazwa mbuga ya taifa mwaka 1966, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 870 hivi. Ni katika eneo hilo ambapo Joy na George Adamson walimrudisha mwituni Elsa, simba jike waliyemlea tangu udogoni. Alikufa mwaka 1961, akazikwa kando ya Mto Ura. Kitabu cha Joy kilichotoka mwaka 1960, na filamu iliyokifuata mwaka 1966, viliipeleka habari ya simba huyo pande zote za dunia. Wenyewe hawakuwa na mwisho mwema: Joy aliuawa Shaba mwaka 1980, na George akauawa Kora, ng'ambo ya Mto Tana, mwaka 1989.

Miaka hiyo ilikuwa ya ujangili wa kutisha. Mwaka 1988 majangili waliwaua vifaru weupe watano waliokuwa chini ya ulinzi mbugani Meru. Mwaka uliofuata Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu jijini Nairobi ili dunia ione, na mwaka 1990 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likaanza kazi. Meru ilichukua muda kuinuka. Ilikuwa ni mwanzoni mwa miaka ya 2000 ambapo ndovu na wanyama wengine waliletwa kutoka maeneo mengine, na vifaru wakatengewa eneo lao lenye ua na ulinzi. Vifaru unaowaona Meru leo hawakusalia kwa bahati. Walirudishwa, na kuna watu waliokesha ili wabaki.

Mtaalamu wa lugha hawezi kuacha kulitazama neno jangili. Linafanana sana na neno la Kihindi jangli, linalohusu mwitu na watu wa mwituni. Neno moja tumewapa Wahindi, la kutazama. Jingine linafanana na lao, la kuharibu.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, lakini mwanafunzi mmoja alinizuia, na ni haki nimpe nafasi yake. Jioni, tulipokuwa tukisimulia tulichokiona, kila mmoja alimsifu ndovu: ukubwa wake, upole wake, jinsi mama anavyomkinga mtoto. Binti mmoja kutoka Mbeere, anayeishi karibu na hifadhi ya Mwea, hakusema kitu. Nilipomtaka aongeze neno, alisema:

"Kwetu, Daktari, hatuendi kumtazama ndovu. Yeye ndiye huja kututazama."

Kisha akaeleza. Nyanya yake hulala nje msimu wa mahindi kukomaa, na sufuria la kupigia kelele kando yake. Watoto huchelewa shuleni kwa sababu njia haipitiki mpaka kupambazuke vizuri. Shamba la msimu mzima huweza kwisha usiku mmoja. Alisema haya bila hasira, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Basi zima lilinyamaza.

Hana chumvi katika maneno yake. Hifadhi ya Mwea, iliyo katika Kaunti ya Embu kwenye Mto Tana, ina eneo la kilomita za mraba 42 tu. Uwezo wake ulikadiriwa kuwa ndovu 50. Kufikia mwaka 2024 walikuwa 156, na mwezi Oktoba mwaka huo serikali ikaanza kuwahamisha ndovu 50 kuwapeleka Aberdare. Hayo ni matunda ya mafanikio: tumewalinda mpaka wamezidi makao yao. Lakini mafanikio ya taifa yanaweza kuwa hasara ya nyanya mmoja wa Mbeere. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua jambo hilo. Inaahidi fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, shilingi milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi shilingi milioni 2 kwa majeraha mengine, pamoja na fidia ya mazao na mifugo. Mwenye kudai anatakiwa kujaza fomu, na kuieleza hasara yake kwa maandishi. Nani atamwandikia nyanya yule, ikiwa si mjukuu wake aliyesoma?

Maneno ya binti huyo yalinifanya nizifikirie upya insha za safari ya mbugani ambazo walimu huzisahihisha kila muhula. Msomaji mwalimu anazijua. Zinaanza na jogoo kuwika na mwandishi kurauka. Basi linang'oa nanga. Lango linafunguliwa, na katika aya moja mwandishi anamwona simba, chui, ndovu, kifaru na nyati, wote wamejipanga kama wageni wa harusi. Simba ananguruma, nywele zinamsimama, jua linatua, anarudi nyumbani hoi bin taabani. Insha hiyo hupata alama nzuri. Mwandishi wake hajawahi kutoka tarafani.

Simlaumu mtoto. Ameombwa aeleze asichokijua, naye ametumia maneno ya walioeleza kabla yake. Lakini tutazame hasara inayotokea. Mtoto wa mpakani mwa hifadhi, aliyemsikia ndovu akivunja matawi usiku nyuma ya jiko la nyanya yake, naye huandika insha hiyo hiyo ya jogoo na basi. Yeye, mwenye habari ambayo mwandishi yeyote wa dunia angeitamani, amefundishwa kwamba habari yake si safari. Tumemnyang'anya maneno mara mbili: kwanza kwa kutompeleka ndani ya mbuga kama raia, na pili kwa kutompa nafasi ya kusema alichokiona nje ya mbuga kama jirani.

Hata sarufi yetu ina funzo hapa. Kiswahili humpa mnyama upatanisho wa mtu: ndovu amepita, simba wamelala, chui yule. Kigikuyu na jirani zake humpatanisha mnyama na ngeli ya vitu vingi vingine, ndiyo maana wanafunzi wa kwetu husema ndovu imepita, na walimu hupiga kalamu nyekundu. Tusiishie kwenye kalamu nyekundu. Tueleze kwamba lugha hii imeamua, tangu zamani, kwamba chenye uhai huzungumziwa kama chenye uhai. Na tueleze pia kwamba neno lenyewe ni letu sote: njogu wa Embu, nzou wa Ukambani, enjovu wa Uganda, inzovu wa Rwanda, ndovu wa pwani, indlovu wa Wazulu. Ni neno moja la Kibantu lililotembea bara zima na watu wake, maelfu ya miaka kabla ya tiketi ya safari kuchapishwa. Mwanafunzi akiliona hilo, hataona kwamba Kimeru na Kiembu ni lugha za kuachwa langoni mwa shule.

Wapo watakaosema kwamba ziara ni anasa, na kwamba saa hizo ziende kwenye marudio ya mtihani. Gharama si uongo. Ada ya raia langoni ni ndogo kuliko ya mgeni wa ng'ambo, na wanafunzi wana nafuu yao, lakini basi na mafuta na chakula vinatoka mfukoni mwa mzazi yule yule. Hata hivyo, shule nyingi hufanya ziara kila mwaka; hoja yangu ni ziende wapi. Mwea iko mlangoni mwa shule za Embu na Mbeere. Mbuga ya Meru iko mlangoni mwa Igembe, Tigania na Tharaka. Hakuna haja ya kulala njiani.

Wapo pia watakaosema kwamba ndovu anayekula mahindi hastahili kusifiwa na watoto wa mwenye shamba. Hawa nawaheshimu zaidi. Ila mtu huwezi kudai vizuri haki yako juu ya jambo usilolijua. Maamuzi ya wapi ua upite, ndovu wangapi wahamishwe, na fidia ilipwe namna gani, hufanywa na watu waliosoma nyayo hizo au waliosoma vitabu vya waliozisoma. Mtoto wa mpakani akikua bila kuingia mbugani, ataendelea kuwa shahidi wa hasara tu. Akiingia, akajua, akapata maneno, anaweza siku moja kukaa kwenye meza ya maamuzi.

Nawapendekezea walimu wenzangu mambo matatu ambayo hayahitaji waraka wa wizara. La kwanza, ziara moja kwa kila mwanafunzi kabla hajamaliza shule, katika hifadhi iliyo karibu naye, na iongozwe kwa Kiswahili. Askari wa wanyamapori wanayo maneno; tuwaombe watufundishe. La pili, kila darasa lifanye orodha ya majina ya wanyama kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, kutoka kwa mababu na nyanya, kabla wazee hao hawajaondoka nayo. Na la tatu, tuibadilishe insha. Badala ya "Safari niliyoifurahia mbugani," tuwaulize, "Ni mnyama gani unayemjua, na umemjuaje?" Atakayeandika juu ya mbuzi wa kwao, aandike. Atakayeandika juu ya ndovu aliyekula mahindi ya nyanya yake, aandike, na tusimkate alama kwa sababu jogoo hakuwika.

Kwa kuanzia ipo njia isiyogharimu hata senti. Kesho asubuhi, baada ya kuita majina, mwalimu afunge daftari, awaulize akina Mbogo na Ngari na Njogu na Nyaga wanaitwa nani. Wasiojua wakaulize nyumbani. Hiyo nayo ni safari.